Gari Halikatwi

Mabawa, Tanga
Jumapili, Mfungo Pili

Kwa dada yangu mpenzi Zuhura, Wete, Pemba.

Shikamoo dada. Nakuamkia wewe, na kupitia kwako namwamkia mama, namshika miguu. Kama mmekaa ukumbini na unamsomea, mwambie kwanza kwamba mwanawe ni mzima, anakula, ananenepa, na kikohozi alichoondoka nacho nyumbani kimekwisha. Nami naomba uvimbe wa miguu ya mama uwe umepungua, na yule mtoto wako wa mwisho awe ameacha kula udongo. Nijibu hayo mawili kabla ya jambo jingine lolote, maana ndiyo ninayoyawaza nikiinama kufua.

Jambo la pili, dada: kuna mahali katika barua hii nitakapomsifu mume wangu. Hapo usimsomee mama. Kohoa kidogo, kisha uendelee mbele.

Umeniuliza kama nitakuja kwa msimu wa karafuu. Nimeisoma barua yako mara nne, na mara ya nne nilinusa karatasi, nikajidanganya kwamba ina harufu ya uwanja wetu. Lakini jawabu langu ni kwamba sitakuja msimu huu. Usidhani nimekatazwa. Shemejio Mbwana mwenyewe aliniambia, "Nenda, Rukia, mama yako akuone," na alisema kwa moyo safi. Ni mimi niliyesema hapana. Nimebaki kwa ajili ya gari bovu lililoliwa na kutu. Usicheke kwanza. Nitakueleza tangu mwanzo, na ukifika mwisho ucheke kama bado utataka.

Gari lenyewe unalijua kwa barua yangu ya kwanza, lile alilonipokelea bandarini siku niliyokuja. Ni gari la viti viwili tu, refu mbele, fupi nyuma, halina paa ila turubai la kukunja. Watu hapa huliita spoti. Siku ile nilikuwa na buibui langu jipya, na tulipotoka bandarini upepo ukaingia chini ya buibui nikawa kama tanga. Mkono mmoja nikashika nguo, mkono wa pili nikashika mlango. Mbwana akanitazama, akacheka, akasema, "Rukia, afadhali unishike mimi. Mlango huo bado sijauamini."

(Hapa kohoa.) Dada, nilimshika. Mimi niliyesoma skuli mpaka darasa za juu, niliyekuwa nikiwacheka wenzangu wanaozimia kwa mapenzi, nilimshika mkono wa kanzu mbele ya watu wa bandari wote, nikasema moyoni, hata gari hili likivunjika vipande viwili sasa hivi, mimi nitabaki kwenye kipande chake.

Nikueleze gari limetoka wapi. Lilikuwa la Mzungu mmoja kijana wa shamba la mkonge. Alilikimbiza miaka mingi kwenye barabara za vumbi, mpaka chumvi ya pwani ikaanza kulila, akaliacha bandani. Likakaa humo miaka mitano. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Alipokuwa anarudi kwao akampa Mbwana, kwa sababu Mbwana ndiye aliyekuwa akienda kulitazama kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Unajua ufundi wa shemejio si injini, ingawa injini anaijua. Ufundi wake ni bati. Anakata palipooza, anapiga bati jipya kwa nyundo mpaka lifuate umbo la lile la zamani, kisha anachomelea mshono kwa moto wa gesi. Miaka miwili alikuwa akitoka kazini gereji, anakuja nyumbani, anashika gari lake. Azma yake ni kufungua gereji yake mwenyewe hapa Mabawa. Aliniambia, "Watu wakiliona hili linapita barabarani hawataniuliza cheti. Hili ndilo cheti."

Tulipooana lilikuwa karibu kumalizika. Viraka vyote vilikuwa vimeshika, na alikuwa amelipaka mkono wa kwanza tu wa rangi, ya kijivu. Ilibaki rangi yenyewe. Mara wakubwa wa gereji wakampeleka bara, shamba la mkonge upande wa Muheza, akatengeneze malori. Akakaa huko Ramadhani nzima na siku za kabla yake. Alhamisi moja moja tu ndiyo alikuwa akija, usiku wa Ijumaa, na asubuhi ya Jumamosi alfajiri keshaondoka. Nikabaki na gari uani, na masika yakaingia.

Hapa ndipo ukumbuke tulivyolelewa, dada. Wingu likitanda tu pale nyumbani, mama hapigi kelele ya mvua. Hupiga kelele ya karafuu. "Funikeni!" Na sisi mbio, wewe na jamvi, mimi na magunia, hatuulizi kitu, hatuvai hata viatu. Mimi hata leo nikisikia ngurumo miguu hutangulia kabla ya akili. Basi siku ile ya mvua ya kwanza nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia ngurumo. Nikaiacha mbuzi, nikatoka mbio uani, nikayaona magunia matupu kando ya ukuta, rundo zima, yameachwa na shemeji yangu Athumani. Huyu ni kaka yake Mbwana, dereva wa lori, ndiye anayepeleka mizigo mpaka Horohoro. Nikayabeba yote. Nikalifunika gari kama ninavyofunika karafuu, boneti, madigadi yote mawili ya mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu, buti la nyuma, na mengine nikayatandika ndani chini ya viti kwa sababu turubai linavuja. Nikaweka na mawe. Nikasimama mlangoni nimelowa, najisifu.

Mbwana alipokuja Alhamisi akaona, akasema, "Nimeoa mwanamke mwenye akili." Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutoka Mwera kukaa nasi, akawaambia majirani, "Mke wa mwanangu hana uvivu. Mvua haijaanguka, yeye keshafunika." Nilivimba kwa sifa, dada, nusura nipasuke.

Karibu na Idi jua likatoka. Nikayavua magunia, nikayafua, nikayaanika, nikamrudishia Athumani yakiwa masafi. Gari lilikuwa na rangi ya udongo juu yake. Nikadhani ni vumbi la magunia. Nikalipangusa kwa kitambaa, vumbi likatokatoka, nikaona basi.

Mbwana akarudi moja kwa moja baada ya Idi. Akaenda uani kabla hata hajanywa maji. Nilikuwa nyuma yake na kata mkononi. Akaweka kidole gumba juu ya digadi la kushoto, akabonyeza kidogo tu, kama unavyobonyeza papai kujua kama limeiva. Kidole kikazama.

Akaenda upande wa pili, akabonyeza. Akafungua buti, akatazama. Akainamia sakafu ya gari. Alipoinuka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesomewa hukumu. Akasema, "Nimechoma vibaya. Nimechoma vibaya kila mahali. Mishono yangu imeingiza maji."

Nikasema, "Labda ni mvua tu."

Akasema, "Mvua hainyeshi kwangu peke yangu. Magari yanalala nje mji mzima."

Tangu siku ile, dada, nikapata mume mwingine. Yule wa kwanza nilikusimulia, anaingia jikoni, anagonga sufuria zangu kwa ukucha, anasikiliza, anasema, "Hii nyembamba, hii nzuri, hii walikuibia." Nilikuwa nikimfukuza kwa mwiko. (Kohoa.) Sasa akawa anaingia, anakula, ananishukuru kwa adabu kama mgeni, anatoka. Sufuria hazigongwi. Sikujua mtu anaweza kutamani kelele ya ukucha kwenye sufuria mpaka machozi yamtoke.

Na watu hawakumsaidia. Athumani alikuja, akalizunguka gari, akaniita mimi, "Shemeji!"

"Abee."

"Pole na mke mwenzio. Kaota ndui."

Maana hapa utani wao ndio huo, kwamba Mbwana ana wake wawili na mkubwa ni gari. Siku nyingine ningecheka naye. Siku ile nilimwambia, "Mke mwenzangu akipona wewe hutapandishwa." Akacheka. Mbwana hakucheka.

Kisha akatokea Bwana Seif. Huyu ni mfanyabiashara wa mji, ana mashua anayotaka kuitia mota, na alikuwa ameitamani injini ya gari lile muda mrefu. Akasikia habari za kutu. Akaja na mkongojo wake, akalipiga gari mbavuni kwa mkongojo, pah, kutu ikamwagika chini kama pumba. Akasema, "Kijana, injini nitaichukua mimi. Magurudumu utampa mtu wa mkokoteni. Na hilo bati likatwe, mafundi wa majiko watalipenda." Mbwana akasema, "Njoo Jumamosi." Basi. Miaka miwili ya kazi, maneno mawili.

Alipoondoka Bwana Seif, Mbwana akaniambia, "Nitapanda lori na Athumani. Udereva hauna bati."

Si aibu kuwa mke wa dereva, dada, na Athumani ni mtu mwema. Lakini niliyaona macho yake aliposema. Yalikuwa yakitazama mikono yake, kama mikono ya mtu mwingine aliyemdanganya.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi nikatoka kuanika nguo. Jua lilikuwa bado chini, limelalia boneti ubavuni. Nikaona kitu. Kutu ya juu ya boneti haikuwa mabaka mabaka. Ilikuwa na mistari midogo, ya kwenda na ya kukata, imefumwa. Nikainama. Dada, ilikuwa ni gunia. Gunia lilikuwa limejichora juu ya chuma, uzi kwa uzi, na pale ukingo wake ulipoishia na kutu imeishia hapo hapo, mstari ulionyooka kama wa rula. Chini ya mstari, rangi ya kijivu safi. Milango, ambayo magunia hayakuifikia, haikuwa na doa.

Nikaingiza mkono pembeni mwa kiti. Nikapata kipande cha uzi wa gunia kilichobaki, kimenata. Nikakitia ulimini.

Chumvi.

Nikangoja Athumani apite mchana. Nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari za hewa, "Shemeji, yale magunia yako yalikuwa ya nini?"

"Ya chumvi. Si tunaipakia kule pwani inakoanikwa tuipeleke Horohoro?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Kwani umeyapikia?"

Basi nikajua. Mume wangu hakukosea mshono hata mmoja. Mimi ndiye niliyelivisha gari lake chumvi mbichi ikalowa mvua wiki baada ya wiki, na kila mvua iliponyesha nilitoka kuyaweka sawa yasianguke. Nililitunza sana, dada. Ningekuwa mvivu gari lingekuwa zima.

Sasa nikwambie aibu yangu, na hii msomee mama, asikie alichozaa. Sikusema. Jumatano sikusema, na Alhamisi sikusema. Nilijiambia, Jumamosi gari litakwenda, na kutu itakwenda nalo, hakuna atakayejua, nami nitabaki mke mwenye akili. Mama mkwe alikuwa bado anawasimulia wageni habari ya mkwe wake anayefunika kabla ya mvua, nami natabasamu, nawaletea kahawa. Ndoa yangu haina hata miezi sita. Nilimwogopa yeye, nikawaogopa majirani, na nikaogopa zaidi ya yote kuyaona macho ya Mbwana yakinitazama mimi kama yalivyoitazama mikono yake.

Lakini Alhamisi jioni nilimwona anazifunga nyundo zake katika kitambaa. Ana nyundo saba, kila moja na kazi yake. Alizifunga moja moja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nikajua kwamba nikinyamaza nitakuwa na sifa zangu, lakini nitakuwa nazo peke yangu ndani ya nyumba.

Ijumaa aliporudi msikitini nikatenga chakula. Sikukaa. Nikasema nimesimama.

"Mume wangu, mishono yako haina kosa."

Akasema, "Umekuwa fundi lini?"

"Ni mimi. Yale magunia niliyofunikia yalikuwa ya chumvi ya Athumani. Sikujua. Kutu imetoka na sura ya gunia, nenda ukatazame. Kwenye milango haipo."

Alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha sahanini. Akaniuliza, "Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano," akasema. "Na Seif anakuja kesho."

"Ndiyo."

Akainuka, akaacha chakula, akatoka. Dada, tangu nimeolewa hajawahi kuacha chakula changu. Nikakaa jikoni juu ya mbuzi ya nazi, nikasikia uani nyundo na patasi, ko, ko, ko, na sikuthubutu kutoka. Mama mkwe akaingia. "Kuna nini? Mbona mwanangu anagonga Ijumaa?" Nikamwambia yote, pamoja na zile siku mbili. Niliona afadhali anichukie mara moja.

Akakaa chini. Kisha akasema, "Mimi nilipoolewa Mwera, siku ya kwanza nilimfulia baba mkwe kanzu yake ya Idi. Nikatafuta pa kuanika, nikaona mti mzuri, una jua. Nikaitandaza juu ya mkorosho."

"Mkorosho, mama?"

"Wenye mabibo yameiva. Upepo ukavuma. Ilivyotoka kanzu ile, ungedhani mtu kachinjiwa juu yake. Na doa la bibo halitoki mpaka nguo ife. Unajua alifanya nini yule mzee? Aliivaa. Kila Idi, miaka kumi, anapita mbele yangu nayo, hasemi kitu. Heri wewe, lako lina nyundo."

Nilicheka na kulia pamoja, mpaka kamasi. Na katikati ya kicheko chetu nikasikia, "Rukia! Njoo!"

Nikatoka. Alikuwa amepiga magoti kando ya digadi la kushoto. Bati lililooza alikuwa amelipukutisha lote kwa patasi, limeanguka chini vipande vipande, na katikati ya tundu ulibaki mshono wake, peke yake, umesimama kama mfupa wa samaki aliyeliwa. Akanipa nyundo ndogo. "Piga."

"Wapi?"

"Mshono. Piga kwa nguvu."

Nikapiga. Ukalia. Nikapiga tena, ukalia kama kengele ya skuli. Bati lote lilikuwa limekwenda na mshono haujaachia. Akautia ukucha, tik, tik, akasikiliza. (Kohoa, dada, kohoa mara mbili.) Nikauona uso wake ukifunguka, nikajua ningefunika magari elfu na kuyakiri elfu ili niuone tena ukifunguka hivyo.

Kisha akanitazama. "Lakini hasira ninazo."

"Najua."

"Si za magunia. Ningeyaona mwenyewe ningeyatumia. Ni za Jumatano na Alhamisi."

Nikamwambia, "Jumatano na Alhamisi ni zangu. Nitazibeba."

Akaitika kwa kichwa. Hakunibembeleza, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

Lakini usidhani mambo yaliishia hapo, kwa sababu mshono mzima si gari zima. Tulilizunguka pamoja na kipande cha chaki, yeye anabonyeza, mimi natia alama palipokufa. Madigadi yote mawili. Nusu ya boneti. Mfuniko wa buti. Sakafu, hiyo mbaya kuliko zote, mguu ungetokea chini. Tulipomaliza gari lilikuwa jeupe kwa chaki. Akakaa juu ya tairi, akasema, "Rukia, fundi mwenye akili angemwachia Seif. Nimeshajua kwamba sikukosea. Hilo lilikuwa ndilo linaloniuma, na limekwisha."

Nikasema, "Umejua wewe, nimejua mimi, amejua mama. Kesho likikatwa, nani mwingine atajua? Tutakaa watatu ndani tunajuana. Mji mzima utasema gari la Mbwana lilioza kwa mishono yake, na mtu atakayetaka kukuletea lake umtengenezee atasikia hayo kabla hajakuona."

"Itakuwa kazi mpaka vuli."

"Basi mpaka vuli."

"Na bati hili ni jembamba. Nikichoma peke yangu linapinda kwa joto. Nataka mtu wa kushika bati kwa koleo na kuweka vitambaa vya maji kando ya moto, kila siku, asichoke. Mwanzo alinisaidia Athumani, na sasa hana nafasi."

"Unaye."

Akanitazama kidogo. "Pemba huendi?"

"Siendi."

Ndipo aliponiambia yale niliyokuandikia mwanzo, niende mama anione, nami nikamwambia mama ataniona mwakani, na akiniona ataniona nimeshuka gatini na mume mwenye gereji.

Jumamosi Bwana Seif akaja na wapagazi wawili na kamba. Mbwana alikuwa amezifungua nyundo zake zote, amezipanga chini kwenye gunia. Gunia la mchele, nililikagua mwenyewe.

"Salama, kijana? Tulifungue."

"Salama, Bwana Seif. Gari halikatwi."

"Si tulikubaliana nije Jumamosi?"

"Tulikubaliana uje, na umekuja. Karibu chai."

Wapagazi wakaangua kicheko. Bwana Seif akaliangalia gari lilivyochorwa chaki, matundu yamefunguka, akatikisa kichwa. "Unauguza maiti, Mbwana."

Mbwana alichukua mkasi wa bati, akainama juu ya boneti, akaanza kukata pale pale mbele yake, akifuata chaki yangu, krap, krap, mpaka kikatoka kipande chenye ukubwa wa sinia. Akakiweka miguuni mwa Bwana Seif. "Hiyo ndiyo maiti. Wape watu wa majiko." Bwana Seif ni mtu wa mji, hakukasirika. Alikunywa chai vikombe viwili, akala na mikate yangu ya kumimina, akaondoka na kamba zake. Mlangoni akasema, "Injini ikikushinda, nipo." Nami, ambaye sikutakiwa kusema, nikasema toka ndani, "Injini haijamshinda hata siku moja!"

Alipoondoka nikaliangalia lile tundu nikaogopa kwelikweli, dada. Sasa hapana kurudi. Hata Seif asingelitaka gari lenye tundu la sinia. Na kiraka cha kwanza tulikiharibu. Ni mimi: mvuke ulipanda kwenye kitambaa ukaniunguza vidole, nikaachia, na bati likajikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya chuma. Mbwana akalikata lote, akatupa. Alichovya tu kitambaa majini akanipa tena. Kiraka cha pili sikuachia. Nilisoma Ayatul Kursi nzima na sikuachia. Sasa tumefikia vinne, vimeshika, na vimebaki vingi kuliko nipendavyo kuhesabu. Huenda sakafu ikatushinda. Huenda tukifika nyuma tukakuta ubaya ambao chaki haikuuona. Mbwana haniahidi, wala mimi sitaki aniahidi. Najua tu kwamba kila siku baada ya alasiri nafunga kanga kiunoni, nachukua koleo, na kwamba jana alipita jikoni akaigonga sufuria ya wali kwa ukucha, akasema hii walikuibia.

Basi nisalimie wote. Nisalimie mama, umwambie hili la magunia asilitangaze mpaka gari litembee. Nisalimie mjomba aliyenisimamia nikaolewa, mwambie mkwe aliyemchagua anafaa. Nisalimie shangazi yetu wa Chake, na somo yangu aliyenifunza mambo yote ya ndoa isipokuwa kuuliza magunia yametoka wapi. Watoto wako nawabusu mmoja mmoja. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema ukija huku utamkuta. Mbwana anakuamkia, yumo chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye mume, mwenye furaha, na mwenye vidole viwili vilivyofungwa kitambaa,

Rukia

Hilo doa jekundu ukingoni mwa karatasi si damu, mwambie mama asishtuke. Ni rangi ya kuzuia kutu. Tumeanza kuipaka leo kwenye digadi la kushoto, na mikono yangu bado haijakauka.